Ukurasa wa Asante

Hiace nyeupe ilivuka daraja la Sabaki bila kupunguza mwendo.

Nyuma yake, ikijibanza kwenye kivuli cha lori tupu la chumvi lililokuwa likirudi Gongoni, ilikuja pikipiki aina ya Boxer iliyofungwa kreti la soda kwenye kiti cha nyuma. Aliyeiendesha angeweza kuwa mtu yeyote wa boda pale Malindi. Lakini watu wa boda hawatembei na Glock 19 chini ya koti la mvua, wala simu ya setilaiti ya Thuraya mfukoni, wala kidude cha redio sikioni kisichozidi punje ya kunde. Jina lake Sahla Msellem. Kwa mamake alikuwa karani wa bima Nairobi. Kwa Kitengo, idara ya ujasusi aliyoitumikia, alikuwa Pweza.

"Pweza, nipe hali."

Ilikuwa sauti ya Dzombo, mkuu wa operesheni, aliyekuwa Mombasa kwenye chumba chenye kiyoyozi.

"Mzigo umevuka mto, mkuu."

"Ni mmoja?"

"Mmoja. Kama hesabu ilivyosema."

"Vizuri. Usimkaribie. Mwache apae."

Mzigo wenyewe alikuwa Mwaringa, ofisa wa Kitengo, mtoto wa Magarini. Leo alivaa kama kijana aliyechoka kutafuta kazi, na katika kisigino cha kiatu chake palifichwa kidude cha kuonyesha alipo. Mpango ulikuwa mwepesi kuueleza. Wasafirishaji wa watu wangempandisha ndege ndogo kwenye kiwanja cha vumbi huko mbele ya Adu, wangembadilishia ndege mara mbili au tatu, na mwisho wangemwingiza kwenye ile kambi yenye uzio, ng'ambo ya bahari, ambako hakuna aliyewahi kuijua ramani yake. Safari hii Kitengo kingeijua.

Na humo ndani ya uzio alikuwamo Swafwan.

Swafwan ni mdogo wake Sahla, wa tumbo moja. Alitoka nyumbani na begi la mgongoni akasema amepata kazi ya hoteli nchi za nje, akifika atapiga simu. Alipiga kweli, baada ya miezi mingi. Mamake alipopokea alisikia sauti ya mwanawe ikisoma: "Habari ya mchana, mteja wetu mpendwa. Akaunti yako imepata hitilafu, tafadhali tutajie namba yako ya siri." Kule hiyo ndiyo kazi waliyopewa, kuibia watu kwa simu, na anayekataa hupigwa. Mama akauliza, "Swafwan, mwanangu, ushakula?" Swafwan akaendelea kusoma karatasi yake hadi mwisho. Alikuwa amechagua namba ya mamake makusudi, ili asikie tu kwamba yu hai.

Tangu siku ile mama haiachi simu mkononi. Na Sahla hakulala usingizi wa maana.

Jasusi hufundishwa siku ya kwanza kwamba yeye hana ndugu. Sahla alitikisa kichwa kukubali, kama wenzake wote, kisha akajitolea kwa operesheni hii kabla mkuu hajamaliza kuisoma.

Alipenya kwa mlango ambao hata Dzombo hakuutarajia. Mgeni aliyejiita Viktor, mwenye jumba Casuarina na bwawa la kuogelea lisiloogelewa, alikuwa na tovuti iitwayo Upeo Ajira. Matangazo yake yaliwatokea vijana wa Malindi na Kilifi kwenye simu zao: kazi ya hoteli, tiketi bure, chakula bure. Mtu akibofya tangazo alipelekwa kwenye fomu. Akimaliza fomu ulimfungukia ukurasa wa mwisho wenye maneno makubwa ya kijani: ASANTE, TUTAKUFIKIA. Viktor alikuwa akilipia matangazo mengi bila kujua lipi linaleta watu. Akatafuta fundi wa tovuti. Akampata Sahla, aliyevaa miwani mikubwa na kujiita Sabina.

Kazi yenyewe watu wa fani huiita konvesheni, yaani kujua, kati ya wote waliobofya, nani alikwenda hadi mwisho. Sahla alitia kipande kidogo cha msimbo kwenye ukurasa wa Asante. Kila ukurasa ule ulipofunguka, kipande kile kilimpelekea Viktor ishara: mmoja ameingia. Kisichojulikana na Viktor ni kwamba ishara hiyo hiyo ilikwenda pia Mombasa. Fomu zenyewe zenye majina zilikwenda kwa Viktor peke yake, kwenye sanduku la barua pepe ambalo Kitengo hakikuweza kulifungua. Kitengo kilipata hesabu tu, na aina ya simu, na mtaa.

Wiki ya kwanza Viktor alilalamika. Hesabu imefura, alisema, kwa sababu vijana wanaufungua ukurasa wa Asante tena na tena kuwaonyesha mama zao. Sahla akarekebisha: simu moja, hesabu moja, hata ukurasa ufunguliwe mara mia. Ndivyo wanavyofundishwa mafundi wote duniani. Viktor alimsifu.

Kisha Mwaringa akatumwa kujaza fomu. Kwa kuwa kijana fukara hatakiwi kuwa na simu ya maana, alikwenda Muyeye kwenye kibanda cha Kabibi, mwanamke anayeuza vocha na makava ya simu, aliyemjua Sahla kama Sabina. Kabibi akamjazia kwenye simu yake mwenyewe. Hesabu, iliyoanzishwa upya kwa safari hii, ikasoma moja. Simu aina ya Tecno, Muyeye. Hapo hapo Sahla akayazima matangazo yote asije akanaswa mtu mwingine, na kila alipoitazama ile hesabu baada ya hapo ilibaki pale pale.

Mmoja.

Hiace iliingia kituo cha mafuta cha Mambrui. Mlango ukateleza. Sahla alisimamisha pikipiki kando ya pampu ya upepo, akajifanya anaangalia tairi.

Akashuka Mwaringa, akanyoosha mgongo.

Nyuma yake akashuka msichana mwenye gauni la kanisani. Wakafuata vijana wawili waliofanana sura, wakicheka. Akafuata mwengine mwenye jezi ya mpira, na mwengine, na wengine tena. Mwaringa alikuwa amesimama kando, uso umemtoka rangi, akimtazama mtu wa pikipiki kwa macho ya kuuliza. Sahla aliwahesabu mara mbili. Walikuwa wanane.

Akatoa simu ya kawaida, akapiga Muyeye.

"Kabibi, ni mimi, Sabina, yule dada wa mtandao."

"Aa, dada! Hujambo? Masiku mengi!"

"Sijambo. Kabibi, yule kijana uliyemjazia fomu ya kazi ya nje. Baada yake ulimjazia mtu mwengine?"

"Mwengine? Waseme wengine, dada. Walikuja wengi. Easter, na wale mapacha wa kina Kambi, na Pola wa hapa nyuma, na..."

"Kwa simu gani?"

"Simu gani tena? Si hii yangu. Hapa kwetu wenye simu ya kujaza mambo hayo ni wangapi? Mtu akiwa na shida ya mtandao huja kwangu, n'kamjazia."

"Lakini tangazo lilikuwa limezimwa, Kabibi."

"Tangazo mimi sikuliona. Ule ukurasa sikuufunga tu. Mtu akija n'narudi nyuma, n'nafuta jina, n'natia jina lake. Kwani n'mekosea, dada?"

Sahla alifumba macho.

"Hujakosea," akasema. "Nimekosea mimi."

Simu moja, hesabu moja. Aliyeandika kanuni ile hakuwahi kufika Muyeye, ambako simu moja ni ya mtaa mzima. Lakini Sahla alizaliwa Malindi. Yeye mwenyewe, alipokuwa msichana, alipokea matokeo ya mtihani kwenye simu ya jirani, akiwa amesimama foleni na wenzake. Alilijua jambo hili tangu utoto na akalisahau mbele ya kompyuta, na hasira aliyoisikia kifuani haikuwa ya Viktor.

Akabonyeza redio.

"Mkuu, hesabu ina makosa. Wako wanane. Saba ni raia."

Redio ilikoroma kidogo.

"Makosa ya nani?"

"Yangu."

"Sawa. Waache wapae."

"Mkuu, hawa ni watoto wa watu. Naomba kikosi cha Kilifi."

"Hakuna kikosi. Kule kambini kuna mamia, Pweza. Tukiikamata ndege leo, kambi itahama kabla ya magharibi na hatutaiona tena. Mwaringa akifika, tutawatoa wote pamoja. Hawa saba watavumilia kidogo."

"Kidogo ni lini?"

"Usinihoji. Kule yuko nduguyo. Unadhani sijui kwa nini ulijitolea? Nakupa unachokitaka. Rudi Malindi."

Na tuseme ukweli, maana hakuna faida ya kuuficha: Sahla alifurahi. Ilimjia furaha ya ghafla, ya aibu, kwamba ameamriwa kufanya lile ambalo moyo wake ulikuwa ukililia. Kama ni amri basi lawama si yake. Ndege ipae, Mwaringa afike, Swafwan arudi nyumbani akae barazani na mama. Alishika usukani akageuza pikipiki kuelekea Malindi.

"Dada, samahani."

Alikuwa yule msichana wa gauni la kanisani.

"Dada, n'azime simu yako kidogo tu. N'mwambie mama n'shatoka salama. Simu sina."

"Waitwa nani?"

"Easter. Twatoka Muyeye, lakini kwetu ni Adu."

Sahla akampa. Nani angemnyima? Easter alibonyeza namba kwa kidole kimoja, polepole, akaiweka simu sikioni kwa mikono miwili.

"Mama? Ni mimi. Eee, n'shatoka. Gari ni zuri, lina kiyoyozi. Usilie, mama. Nikifika n'takupigia."

Dereva wa Hiace akapiga honi. Easter akarudisha simu, akashukuru kwa magoti, akakimbia.

Nikifika n'takupigia. Swafwan alisema maneno hayo hayo, mlangoni, akifunga kamba za viatu.

"Pweza, umegeuza? Pweza?"

Sahla aling'oa kidude cha redio sikioni, akakitia mfukoni, akaiwasha Boxer.

Marereni, Hiace ilikata kushoto na kuingia barabara ya vumbi jekundu. Kuifuata ni kujianika. Sahla aliifahamu njia ya mbuzi inayokatiza vichaka vya miiba hadi upande wa pili wa kiwanja, maana aliipima kwa droni ya DJI wiki iliyopita, akiwa bado na matumaini. Miiba ilimchana koti. Kreti likaruka likapotea. Alipotokea, ndege ilikuwa imeshapakia.

Cessna Caravan, nyeupe, haina maandishi ubavuni. Pangaboi lilikuwa likizunguka. Nje, mlinzi mwenye AK-47 alikuwa akifukuza mbuzi wawili kwenye njia ya kurukia. Hiace ilikwishageuza na kutimua vumbi kurudi ilikotoka.

Ndege ikaanza kutambaa.

Sahla alibwaga pikipiki katikati ya njia, akajitupa nyuma ya kichuguu, akachomoa Glock, akapiga goti. Akasubiri. Gurudumu la mbele lilikuwa likimjia, dogo, jeusi, likirukaruka kwenye mawe. Rubani aliiona pikipiki akakanyaga breki.

Risasi ya kwanza ilipiga ardhi. Ya pili pia.

Ya tatu ilipasua tairi.

Pua ya ndege ikainama, pangaboi likachota mchanga, likapinda, injini ikapiga kelele moja mbaya na kunyamaza. Mlinzi akageuka akifyatua ovyo, kichuguu kikamegeka juu ya kichwa cha Sahla. Akabingirika, akalenga bila pupa, akampiga pajani. AK ikaanguka upande wake na mwenyewe upande wake. Kutoka ndani ya ndege vilisikika vilio, kisha mlango ukafunguka na Mwaringa akatokea akiwa amemkaba mtu kwa ukosi wa shati la kitani.

"Pweza, kulikoni?" akauliza akihema. "N'lishafunga mkanda!"

Sahla alikuwa akimtazama mwenye shati. Alikuwa Viktor, aliyekuja kuwasindikiza abiria wake; naye alimtazama, akamtambua, akatabasamu. Aliishi pwani miaka mingi na Kiswahili chake kilikuwa kizuri kuliko alivyostahili.

"Sabina, fundi wangu," akasema. "Hesabu yako ilikuwa mbovu, unajua? Ilinionyesha mmoja, na mimi nina fomu nane. Nilitaka kukuandikia."

"Najua," Sahla akasema. "Nimekuja kuirekebisha."

Akamgusisha mtutu shingoni.

"Swafwan Msellem. Yuko wapi?"

"Kule hawatumii majina."

"Wapi?"

Simu ya Viktor ikalia mfukoni mwa shati. Namba ndefu, ya nje.

"Ni wao," Viktor akasema, na kwa mara ya kwanza sauti yake ikawa ya mtu wa biashara. "Wanangoja neno moja. Nikilisema, wanajua ndege imepaa. Nisiposema, wanahama leo leo, na wasiowafaa huwaacha njiani. Yuko wako kule? Basi sikiliza. Nitaleta ndege nyingine. Wewe niachie hawa saba, mimi nitakuletea mmoja wako, mpaka mlangoni."

Simu ikaendelea kulia.

Wale saba walikuwa wamekaa chini kwenye kivuli cha bawa, wamekumbatia mabegi. Pola alikuwa akitapika. Easter alikuwa amepoteza kiatu kimoja na alikuwa akikitafuta kwa macho, kana kwamba hilo ndilo tatizo kubwa la siku ile. Sahla alimtazama kwa muda. Akamwona mama yake Easter, ambaye hajawahi kumwona, ameketi mahali na simu mkononi.

Akabonyeza kitufe cha kupokea, akaisogeza simu mdomoni mwa Viktor, na mtutu akaukandamiza zaidi.

"Liseme hilo neno."

Viktor alisema neno, la lugha ya kigeni, fupi. Kama ndilo lenyewe au ni jingine, hakuna aliyejua. Upande wa pili ulisikiliza. Bila shaka ulisikia upepo, na mtu akilia, na mbuzi. Hakukuwa na mngurumo wa ndege.

Simu ikakatika.

Sahla alitoa simu yake akafungua Upeo Ajira. Lile jengo la hoteli lenye minazi ya bandia lilikuwapo. Akaifungua upya. Safari hii ukaja ukurasa mweupe, mtupu, wenye mstari mmoja kwamba tovuti hii haipatikani. Hesabu kwenye skrini yake, ile iliyokwama kwenye moja, ikasoma sufuri. Kila kitu alichokitega kwa miezi yote ile kilizimwa na mtu aliyekaa asikokujua, na Swafwan akazimwa nacho.

Aliketi juu ya tairi la ndege lililopasuka.

Thuraya ikalia.

"Viktor unaye?" Dzombo aliuliza.

"Ninaye. Na raia saba. Wote wazima."

"Kidude cha Mwaringa kinasoma Adu."

"Ndiyo, mkuu. Yuko hapa amekaa."

Dzombo alivuta pumzi. Alipozungumza tena hakuwa na hasira, na hilo lilikuwa baya zaidi.

"Pole, Sahla," akasema, na hajawahi kumwita jina lake. "Kesho uje Mombasa na kitambulisho cha kazi. Na silaha."

Askari wa Marereni walifika na Land Cruiser mbili. Easter alikataa kupanda. Alisimama kwenye jua, kiatu mguu mmoja, akimkazia macho Sahla.

"Wewe ndiwe uliyeniazima simu."

"Ni mimi."

"Kwa nini hukuniambia pale pale? N'shaaga, dada. N'shachinjiwa kuku. Babu kawaomba koma, mizimu ya wazee wetu, wanifungulie njia, kijiji kizima kikiangalia. Sasa nirudi na uso gani?"

"Kule hakuna kazi, Easter. Kuna kifungo."

"Na hapa kuna nini?"

Sahla alitazama vichaka, mbuzi, vumbi, ndege iliyolala kifudifudi.

"Kabibi asema iko tovuti nyingine," Easter akasema, akipanda gari mwenyewe. "Hiyo matangazo yake yatoka kila siku."

Alasiri Sahla aliingia Shela, mtaa wao wa zamani pale Malindi, amevaa buibui lake na miwani myeusi, mikwaruzo ya miiba imefichwa na mikono mirefu. Habari zilishaenea kwamba kumekamatwa ndege Adu. Wanaume wa barazani walikuwa wakiziongelea kwa furaha. Mmoja akasema vijana wa serikali siku hizi ni hodari. Sahla aliwasalimia akapita, akavua miwani mlangoni.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Mbona ghafla? Bima wamekupa ruhusa?"

"Wamenipa. Ndefu."

Mama alikuwa mkekani, simu juu ya paja, uso wa simu umeangalia juu asije akakosa kuiona ikiwaka.

"Leo hakupiga," akasema. "Lakini siku si nyingi atapiga, inshallah. Safari hii nitamwacha asome mpaka amalize, nisimkatize. Huenda mara ile alipigwa kwa sababu yangu."

Sahla alikuwa amejiandaa njia nzima, kutoka Adu hadi hapa, kumwambia yaliyotokea.

"Chaji ipo?" akauliza.

"Sijui. Hebu itazame wewe, macho yangu hayaoni vidogo."

Akaichukua simu. Ilikuwa imejaa, asilimia mia. Akaichomeka ukutani, akaiweka karibu na mkono wa mama, akatoka nje akavaa miwani yake.